Kidole cha Mwisho: Kisa cha Laini Moja ya Simu, Kiboriloni

Simu ya Bibi ilitumbukia chooni. Alikuwa ameifunga kwenye pindo la khanga, akasahau, akasikia kitu kimegonga ubao mara moja, kisha kimya. Choo cha shimo hakirudishi kitu. Kitochi chenyewe hakikuwa cha kulilia. Betri yake ilikuwa inashikiliwa na mpira wa kufungia noti. Kilichouma ni laini, kwa sababu ndani yake kulikuwa na shilingi 140,000 alizotumiwa na mwanawe wa Dodoma siku mbili kabla: za dawa za presha, za kibarua wa kusafisha migomba, na za sukari.

Mimi ni wakala wa pesa za simu Kiboriloni, kando ya barabara ya kutoka Moshi mjini kwenda Himo. Nina meza, mwavuli, kiti kimoja cha mteja na kimashine cha alama za vidole. Wateja wangu wengi wanashuka kutoka Old Moshi: wanauza ndizi, wanachambua mitumba, wanatoa hela, wanapanda tena. Bibi ni mmoja wao. Jina lake nabaki nalo. Naandika kisa chake kwa urefu kwa sababu kila ninayemsimulia anawahi kusema shida ni uzee, au shida ni kukaa kijijini, au shida ni kutojua simu. Na mimi nilisema hivyo hivyo mwanzoni. Nilikosea, na sehemu ya kosa ni yangu mwenyewe, kama mtakavyoona.

Laini ya nani?

Alifika asubuhi, hata kuketi hajaketi.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba baba. Nirudishie namba yangu, imeingia chooni."

Kurudisha namba ni kazi ya dakika tano. Unaingiza namba ya NIDA ya mteja, yaani ya kitambulisho cha taifa, anaweka kidole, mfumo unalinganisha kidole hicho na kilichohifadhiwa, laini mpya inapewa namba ya zamani. Bibi akafungua Biblia ndogo iliyovikwa nailoni, akatoa kikaratasi chenye tarakimu 20 zilizoandikwa kwa kalamu ya bluu. Nikaingiza. Mfumo ukagoma kabla hatujafika kwenye kidole. Namba ile ya simu haikuwa yake. Kwa kumbukumbu za kampuni ilikuwa ya mjukuu wake, kijana anayechimba dhahabu Geita.

Hapa lazima turudi nyuma kidogo. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza nchini tarehe 1 Mei 2019. Mwisho wake uliwekwa 31 Desemba mwaka huo, Rais Magufuli akaongeza siku 20, ikawa 20 Januari 2020. Waliokuwa kazini wakati ule wanazikumbuka zile foleni. Bila namba ya NIDA husajiliwi, na namba za watu wengi zilikuwa bado hazijatoka. Mjukuu alikuwa amekuja Krismasi, kama Wachaga wanavyorudi nyumbani kila Desemba. Yeye namba anayo, Bibi hana, na likizo inaisha. Akaona laini ya Bibi itazimwa yeye akiwa machimboni, akaweka kidole chake. Alimsaidia kweli, laini haikuzimwa. Namba ya Bibi ilikuja kutoka baadaye, na hakuna aliyekumbuka kuhamisha usajili, kwa sababu kila kitu kilikuwa kinakwenda.

Ukipiga *106# unaoneshwa laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Bibi angeuliza siku yoyote katika miaka ile, jibu lingekuwa kwamba hana laini hata moja. Hela iliyokuwa inaingia kila mwezi kutoka Dodoma, kwa maandishi, ilikuwa ya mjukuu.

Simu zikaanza kupigwa, zote kutoka mezani kwangu, kwa sauti ya juu ili Bibi asikie. Mwana wa Dodoma akamwambia mwanawe wa kaka kwamba hela ile ni ya mama, asije akaigusa. Mjukuu akajibu, kwa adabu lakini amekereka, kwamba yeye hajalala njaa ya laki na arobaini, ila duka la kampuni liko mjini na yeye yuko shimoni, ataenda akipata nafasi. Baba mdogo akasema tutaona. Bibi katikati alikuwa amenyamaza, anakunja kile kikaratasi, anakikunjua, anakikunja tena. Mpaka siku ile hapakuwa na ugomvi wowote kati ya watu hao wawili. Laini iliyosajiliwa kwa jina lisilo lake ndiyo iliyouleta.

Vidole kumi

Nikamwambia Bibi, hela ya Geita tuiache irudi kwa njia yake, leo tusajili laini mpya kwa jina lako. Namba unayo, vidole unavyo.

Kidole gumba cha kulia: nyekundu. Cha shahada: nyekundu. Nikafuta kioo cha mashine kwa ncha ya shati, tukarudia. Nyekundu. Mkono wa kushoto, gumba, nyekundu. Nikamshika mkono nikauangalia vizuri kwa mara ya kwanza. Ncha za vidole zilikuwa zimelainika na kung'aa kama kahawa iliyotoka kumenywa. Mistari huioni hata ukiinamisha kidole juani. Mikono hiyo imechuma kahawa misimu zaidi ya hamsini. Imekata majani ya ng'ombe kwa mundu kila siku, imemenya ndizi mbichi zenye utomvu, imesugua masufuria kwa majivu. Umri nao unakausha ngozi. Mashine inachojua ni mistari, na ya Bibi imeishia kihambani, kwenye shamba la nyumbani.

"Inasemaje?"

"Inasema vidole havionekani."

Akavigeuza, akavitazama upande huu na upande huu. "Mimi naviona."

Nikamshauri aende ofisi moja ya mjini alama zichukuliwe upya. Akaenda, ana barua ya utambulisho ya mtendaji wa kijiji yenye muhuri. Akaambiwa alama zake zipo kwenye mfumo, hakuna cha kurekebisha, arudi kwa aliyemtuma. Aliyemtuma ni mimi. Nikamtuma duka la kampuni. Dukani nako wana mashine ileile ninayotumia mimi. Safari tatu ndani ya wiki mbili, nauli ya kushuka na ya kupanda, na siku tatu ng'ombe wanakula majani ya jana.

Niseme jambo moja kwa haki. Hakuna mahali alipodharauliwa. Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu 2003, mzee ni mwenye miaka 60 na kuendelea, na watu wetu wanamheshimu mzee hata bila sera. Kila alipoingia alipishwa mbele ya foleni, akapewa kiti, akaamkiwa. Alipishwa mpaka dirishani, na dirishani hakukuwa na kitu chake.

Luku haikuuliza

Sasa niangalie zile sababu tatu ambazo watu hunipa.

Kijijini? Kutoka kwake hadi mezani kwangu ni daladala moja.

Kutojua? Bibi anasoma. Nyerere aliutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na Kilimanjaro ikawa moja ya wilaya sita zilizopangiwa kufuta ujinga wa kusoma na kuandika kabla ya 1971 kwisha. Bibi ni zao la kisomo kile. Anasema mwalimu wao alikuwa binti mdogo kuliko wao wote, aliyewafuata jioni wakiwa wametoka shamba, na aliyechelewa hakufukuzwa, alisubiriwa.

Uzee? Ushahidi mzuri zaidi ni Luku, umeme wa kulipia kabla. Katika wiki zile zote nyumbani kwake taa hazikuzimika hata usiku mmoja. Jirani alikuja kwangu na namba ya mita, akalipa elfu tano, tarakimu 20 zikaingia kwenye simu ya jirani, akamwandikia Bibi kwenye kipande cha boksi la sabuni, Bibi akaenda kwenye mita akabonyeza mwenyewe, kwa tochi, bila kukosea hata moja. Tarakimu 20 za Luku anaziweza. Tarakimu 20 za NIDA anazo kwenye Biblia. Mtu huyo huyo, jicho hilo hilo, kidole hicho hicho. Tofauti ni kwamba Luku inataka kujua mita ipi na shilingi ngapi, basi. Aliyelipa ni nani, haiihusu.

Dawa zilipita njia nyingine. Zahanati alipimwa bure, kama mzee, lakini dawa ile hawakuwa nayo, akaelekezwa kununua. Mwenye duka la dawa akamwandika kwenye daftari: Bibi wa ng'ombe wawili, atalipa. Hakumuuliza kidole. Anamjua.

Hapo nikaanza kuona kisa hiki kwa sura nyingine. Huduma mbili zilimfikia bila shida kwa sababu zilikubali mtu mwingine asimame kwa niaba yake, jirani kwa Luku, na duka kwa kumjua. Huduma moja iligoma, na ni ileile iliyosifiwa kuliko zote kwa kuwafikia wasio na benki. Pesa za simu zilipoingia nchini 2008 zilikuwa kweli ukombozi. Mimi nimekua naona barua yenye noti ndani ikipewa kondakta wa basi, na nusu ya barua hizo hazikufika. Siombi turudi huko.

Wala siombi kidole kiondolewe. Nimeshaliwa hela na matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii", najua laini isiyo na mwenyewe inafanya nini. Ninayesema haya ni mtu anayeishi kwa mashine hiyo.

Msaidizi asiyetambulika

Sasa kosa langu. Kwa miaka minne nilikuwa naijua namba ya siri ya Bibi. Ilikuwa mwaka wake wa kuzaliwa, 1944. Alinipa mwenyewe siku ya kwanza, kwa sauti, watu wanasikia, kwa sababu kila akibonyeza polepole menyu inakatika: muda umeisha, anza upya. Mimi nikawa nambonyezea. Na tarakimu nane za mwanzo za namba ya NIDA ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Maana yake kile kikaratasi cha kwenye Biblia kilikuwa kimebeba kitambulisho chake na ufunguo wa hela zake mahali pamoja. (Tarehe yenyewe ni ya karani. Mama yake alimwambia alizaliwa masika yakianza. Yeye ameandikwa 1 Julai.)

Sijawahi kumwibia hata mia. Lakini wakala haruhusiwi kujua namba ya siri ya mteja, na mimi nilikuwa naitumia kila mwezi, mchana kweupe, na kila mtu pale aliona ni wema. Ilikuwa wema. Ukiangalia vizuri, wote tuliomsaidia Bibi tulimsaidia kwa kuvunja utaratibu. Mjukuu aliweka kidole kisicho cha mwenye laini. Mwana alituma hela kwa jina la mtu mwingine akijua anamtumia mama. Mimi nilibonyeza siri isiyo yangu. Tungefuata kanuni sote watatu tangu Januari 2020, Bibi asingepata shilingi moja. Na kwa kuwa msaada wote ulikuwa wa kichinichini, siku mambo yalipoharibika hapakuwa na mtu wa kusimama mbele akasema, mimi ndiye ninayemsimamia huyu mama, hiki hapa kidole changu.

Mfumo umemchora mteja kama mtu mmoja, mwenye macho yake, vidole vyake, simu yake, na haraka yake. Wangapi wanaishi hivyo? Nina mteja asiyeona, anauza karanga hapo sokoni. Naye ananitajia namba yake ya siri sikioni, na akiondoka namwombea nisije nikapata wazimu siku moja. Nina mama mwenye mkono unaotetemeka tangu apate kiharusi. Nina mzee anayeletwa na binti yake, binti ndiye anayeongea, na mimi naambiwa niongee na mzee. Watu hawa huduma wanayo, ila wanaipata kupitia mtu, na mtu huyo hana jina popote kwenye fomu.

Zamani alikuwa nalo. Asiyejua kuandika aliweka dole gumba kwenye wino, pembeni shahidi akaandika jina lake, na karatasi ile ilikuwa na nguvu. Bibi anakumbuka mumewe alipougua alimtuma mtoto na kitabu kwenye chama cha msingi kuchukua malipo ya kahawa, karani akamuuliza mtoto wewe ni wa nani, akajibu, akapewa, ikaandikwa nani kachukua. Neno muhimu kwangu hapo ni kwamba iliandikwa.

Kwa hiyo nikiulizwa nini kifanyike, jibu langu ni dogo. Siku ya kusajili laini, mteja akitaka, aruhusiwe kuweka na kidole cha msaidizi mmoja. Msaidizi aweze kurudisha laini ikipotea. Aweze kutoa hela kwa kiwango kidogo, na kila akitoa ujumbe uende kwa mtu wa pili aliyetajwa na mteja, kwa Bibi angekuwa yule wa Dodoma. Utasema msaidizi ataiba. Ataiba, wapo. Hata leo wapo, ila leo anaiba kwa jina la mwenye hela, na mwizi kwenye kumbukumbu ni mwenyewe aliyeibiwa.

Kuna wanaosema dawa ni maswali badala ya kidole. Nimeona huduma nyingine mtandaoni zikifanya hivyo: jina la mama, mahali ulipozaliwa, shule ya msingi uliyosoma. Ni afadhali, na wengi yatawafaa. Nilimjaribu Bibi kwa utani. Jina la mama, alijibu. Shule ya msingi? Akacheka mpaka akashika meza. Shule yake ilikuwa kisomo cha jioni, ana watoto wanne. Tarehe ya kuzaliwa? Masika. Maswali nayo yametungwa na mtu aliyepita njia fulani ya maisha, akadhani wote tumepita hapo.

Na ile barua ya mtendaji, yenye muhuri, ilibaki kwenye Biblia. Kati ya karatasi zote ilikuwa ndiyo pekee iliyoandikwa na mtu anayemjua Bibi kwa sura, anayejua kihamba chake kinapoanzia na kinapoishia. Kwenye mashine yangu hakuna kisanduku cha kuiingiza.

Maji ya chai

Waliotuokoa si wataalamu. Safari ya nne Bibi alikuja kuniaga tu, amekata tamaa, anataka mwana awe anamtumia jirani. Mama anayeuza mitumba jirani yangu akadakia: "Wewe nawe, vidole vya mkulima unaviweka vikavu hivyo? Vilowekwe." Akamimina maji ya moto ya chai kwenye beseni, akapoza, akamwekea Bibi mikono humo kama anayeandaa harusi. Dakika kumi. Tukafuta kwa khanga, tukapaka mafuta kidogo sana, tukafuta tena. Gumba, nyekundu. Shahada, nyekundu. Tukaenda kimoja kimoja, mimi nahesabu, mama wa mitumba anaomba kwa sauti. Cha kumi, kile kidogo cha mwisho cha mkono wa kushoto, kisichoshika mundu wala jembe: kijani.

Watu wa kwenye kituo walipiga makofi. Mimi nilifurahi na nikaona aibu kwa pamoja, kwa sababu kazi hii naifanya siku zote na maji ya moto sikuwahi kuyafikiria. Sasa nina beseni chini ya meza.

Hela ya Geita ilirudi wiki ya tano. Mjukuu alienda mjini, akarudisha laini, akamtumia Bibi kwenye namba mpya shilingi zote 140,000, na ya kutolea akaongeza. Baba mdogo wa Dodoma alimpigia, waliongea nini sijui, safari hii hawakupitia kwangu.

Siku ile ya kidole kijani ilibaki kuweka namba ya siri. Nikanyoosha mkono kuichukua simu, kwa mazoea. Bibi akairudisha kifuani.

"Geuka kule."

Nikageuka, nikawa naangalia daladala za Himo. Nyuma yangu nasikia kitufe kimoja, kimya kirefu, kitufe kingine. Menyu ikakatika, nikajua kwa jinsi alivyovuta pumzi. Akaanza upya. Kijana wa bodaboda akaja mbio anataka kuweka elfu ishirini, nikamwambia asubiri. Ikakatika tena. Foleni ikawa watu wanne. Mama wa mitumba akauliza kama anisaidie kumsaidia.

"Asigeuke mtu," Bibi akasema, akaanza mara ya tatu.